Kizibao cha Mtu wa Mwisho

Jumamosi ya tarehe nane Juni 2019, saa tatu na dakika nne asubuhi, nilifika kwenye mstari wa mwisho nikakuta mstari wenyewe haupo.

Meza hakuna. Bronwyn, msimamizi wa mbio, hayupo na saa yake. Yule anayegawa kadi za namba hayupo, wala mtu wa kuniambia hongera, hata iwe hongera ya kinafiki. Palikuwa na alama nne za miguu ya meza kwenye majani yenye umande, ganda la ndizi, na shakwe mmoja aliyekuwa akishughulika na hilo ganda. Niligeuka huku na kule. Magari yote yalikuwa yameondoka isipokuwa langu. Basi, kwa kuwa nilikuwa nimekimbia kilomita tano na sikutaka zipotee bure, nikapita katikati ya ile misonobari miwili ambako utepe hufungwa, nikasimama, nikashika magoti. Shakwe akanitazama, akarudi kwenye shughuli zake.

Mbio zetu za Port Kellaway ni za kila Jumamosi, saa mbili kamili asubuhi, bure, kwa yeyote mwenye miguu. Unaanzia uwanja wa kuchezea watoto, unafuata njia ya pwani, unaingia gatini, unakwenda mpaka mwisho wa gati, unagusa kizuizi, unarudi. Na zina desturi moja. Mtu mmoja wa kujitolea huvaa kizibao cha rangi ya chungwa na kwenda nyuma ya wote. Kazi yake ni hiyo tu, kuwa wa mwisho, ili asiwepo mwingine wa kuitwa wa mwisho. Kizibao kikivuka mstari, mbio zimefungwa. Hawahesabu vichwa. Wanaangalia kizibao.

Siku hiyo kilivaliwa na Marivic, Mfilipino, nesi wa nyumba ya wazee, mwenye miezi mitatu mjini. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza. Kule mwisho wa gati pana kibanda cha wavuvi kujikingia upepo, na upepo wa kusini siku hiyo ulikuwa unakata masikio. Niliingia mle kukaza kamba ya kiatu. Kwa umri wangu, kukaza kamba ya kiatu ni safari ya kwenda na kurudi. Nilipoinua kichwa nikaona kizibao cha chungwa kinakwenda zake kuelekea nchi kavu, mwenyewe ameinamisha kichwa dhidi ya baridi.

"Hee! Dada! Bado mimi huku!"

Upepo ukainyakua sauti ukaipeleka baharini. Nikamfuata. Lakini mimi kumfuata mtu ni maneno tu. Mtu anayetembea akinitangulia, ametangulia.

Hapa niseme jambo moja, maana watu hulikosea. Mimi ninakimbia. Sitembei. Anayetembea daima ana mguu mmoja chini. Mimi kuna kitambo kidogo ambapo miguu yote miwili iko hewani. Ni kidogo, labda unene wa gazeti la Jumatatu, lakini kipo. Kina mama wenye vigari vya watoto hunipita. Beryl Nankivell, mwenye miaka sabini na minne na fimbo mbili, hunipita akipiga soga. Dakika hamsini na nane ndiyo saa yangu ya kawaida. Nimekubaliana nayo kama mtu anavyokubaliana na pua yake.

Mke wangu Glenys ndiye aliyezianza hizi mbio, sio mimi. Alizikimbia miaka minne. Mimi kazi yangu ilikuwa kumpeleka, kisha nikae garini na redio na chupa ya chai, nimsubiri. Naye alikuwa wa nyuma nyuma. Akitokea pale kwenye kona nashusha kioo.

"Haya, konokono wangu! Mvinyo wa harusi umeshakuwa siki!"

"Konokono ana haraka gani?" ananijibu, uso mwekundu kama kamba wa kuchemsha. "Nyumba kaibeba mwenyewe. Shuka basi, Kelv, unisindikize hata mpaka kwenye mti."

Sikushuka. Chai ingepoa.

Alikufa Septemba, siku ya Jumapili, mshipa wa kichwani. Hospitali yetu ina vitanda, ina taa, ina bustani ya mawaridi yenye kibao cha waziri aliyeifungua. Daktari wa mwisho wa juma ndiye hayupo, walimwondoa kubana matumizi. Gari la wagonjwa lilitoka mji wa pili, dakika arobaini na tano. Waliotia saini ya kumwondoa yule daktari hawajalala Port Kellaway hata usiku mmoja. Niliwaandikia barua kumi na moja. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na minne nikaenda kufagia maghala ya ngano, kwa hiyo barua zangu hazina mapambo, lakini zinasomeka. Jibu lao lilikuwa moja: tumepokea, tunashukuru kwa maoni yako.

Baada ya mazishi niliendelea kwenda pale uwanjani kila Jumamosi. Sijui kwa nini. Gari lilikuwa limezoea. Nakaa na redio na chupa ya chai, watu wanakimbia wanarudi, wanafungua magari yao, nami nawasha langu narudi nyumbani. Jumamosi ya tano Beryl alikuja akagonga kioo kwa fimbo.

"Kelv. Unamsubiri nani?"

Hakuondoka pale kiooni. Ikabidi nishuke. Nilikimbia na viatu vya kazini vyenye chuma puani, nikatapika karibu na gati, Jumamosi iliyofuata nikaenda tena.

Watu husema ukikimbia akili hutulia. Yangu haikutulia, ila nilipata namna. Gati letu lina nguzo za taa ishirini na nne. Nilizipa majina. Ya kwanza ni mkuu wa halmashauri. Ya pili yule wa afya, ya tatu katibu wake anayejibu "tumepokea". Ya tano meneja aliyetuletea mashine ya kupimia ngano akatufukuza watu tisa. Wengine nao nikawagawia zao, mpaka nguzo ya kumi na sita. Hao ndio watu pekee ninaoweza kuwapita mbio. Miguu ikikataa najiambia, Kelvin Trezise, utamwachia meneja? Na miguu inakwenda. Wenye mwendo wanasema ukimbie kwa furaha. Furaha ni ya watu wa dakika ishirini na tano. Mimi nilikimbia kwa kinyongo, na kinyongo, ndugu yangu, ni chakula kisichokwisha.

Kwa hiyo ile asubuhi ya shakwe nilirudi nyumbani, sikuoga, nikachukua kalamu. Barua ya kumi na mbili, kwa halmashauri. Niliandika kwamba mzee wa miaka sitini na minane ametelekezwa mwisho wa gati katika kipupwe cha Juni, hakuna aliyejua kama yu hai au yuko chini anatafunwa na kaa. Niliandika: mnangoja afe nani tena? Nikaipeleka posta kwa miguu, hasira isije ikapoa.

Jumatatu jioni Marivic alikuja nyumbani kwangu. Alisimama mlangoni na bakuli lililofunikwa kitambaa, tambi zake za kwao na mboga ndani.

"Mzee Kelvin, mimi ndiye. Mimi nilikupita."

"Najua ni wewe."

"Nilirudi kazini, nikawa nafunga dawa, nikakumbuka kofia yako ya bluu. Nikasema, ile kofia niliiona inakwenda. Sikuiona inarudi." Alikuwa analia bila kutoa sauti, kama wanavyofanya watu wa hospitali. "Nilikimbia tena mpaka pwani. Gari lako lilikuwa limeshaondoka. Ndiyo nikajua u mzima."

"Kosa sio lako," nikamwambia. "Kosa ni la waliokupa kizibao bila kukufundisha."

"Hapana, Mzee. Wamenifundisha. Ni mimi niliinamisha kichwa."

Sikuzoea mtu kukubali kosa hivyo, mlangoni kwangu, bila wakili. Nikachukua bakuli, nikamwambia asante, nikafunga mlango. Nilikula nimesimama jikoni. Barua ilikuwa imeshaondoka.

Barua kumi na moja za kudai daktari zilipata lile "tumepokea" tu. Hii moja ilijibiwa kwa siku tisa, tena hawakunijibu mimi, waliijibu kamati ya mbio. Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili, kabla hatujaanza, Bronwyn Aldersey alipanda juu ya benchi. Bronwyn ni mwalimu, ndiye mwenye mbio. Nimemjua tangu hajaota meno ya mbele.

"Jamani, nisikilizeni kidogo, na msinirushie viatu," alisema. "Halmashauri wamepata malalamiko kuhusu usalama gatini. Kuanzia Jumamosi ya kwanza ya Julai, kila mtu awe ametoka gatini na kwenye njia ndani ya dakika hamsini. Kila mtu. Nitajaza fomu kila wiki na kutia saini. Wiki moja tukivuka, kibali kinakufa."

"Na sisi wa hamsini na nne?" Beryl aliuliza.

"Mtatolewa njiani, Beryl. Au mkimbie upesi zaidi."

"Nikimbie upesi! Na hizi?" Akainua fimbo zote mbili. Watu wakacheka. Kisha akauliza, "Nani huyo kalalamika?"

Bronwyn hakunitazama. Alifanya bidii sana ya kutonitazama, na hiyo ndiyo iliyonionyesha kwa watu. Vichwa vikageuka kimoja kimoja.

"Mimi niliwaambia waweke watu zaidi," nikasema. "Sikusema wapunguze dakika."

"Umewaambia watu wenye mkasi kwamba nguo inabana, Kelv," Beryl akasema. "Ulitegemea waongeze kitambaa?"

"Wangeongeza kama wangekuwa watu."

"Usilete hayo. Miaka minne mimi na Glenys tulikuja hapa wa mwisho, hakuna aliyetugusa. Wewe umekuja miezi tisa, umeshatufukuzisha sote." Akakusanya fimbo zake. "Asante sana, bwana barua."

Hakukimbia siku hiyo. Aliingia garini akaenda. Kina mama wa vigari vya watoto, wanne, wakasimama pembeni wakinong'ona, na wiki iliyofuata hawakuja hata mmoja. Dukani, yule wa pai ambaye huniuliza kila siku kama nataka mchuzi juu, aliniwekea pai kwenye mfuko akanipa bila neno. Mji wetu una watu elfu moja na mia mbili. Kunyamaziwa na mji mdogo ni kazi inayofanywa vizuri sana, kila mtu anajua zamu yake.

Gatini nguzo ya kumi na saba ilikuwa bado haina jina. Wiki ile nikaipa la Kelvin Trezise. Nilipofika pale nikaona siwezi kuipita. Nikatembea, kwa mara ya kwanza, mpaka ya kumi na nane.

Nilikuwa na wiki mbili. Nikajiambia, basi, dakika hamsini. Mtu anayeweza kufanya dakika hamsini na nane anaweza kufanya hamsini, ni nane tu, chai hupoa kwa muda mrefu kuliko huo. Nikifika ndani ya hamsini watajua haikuwa barua, ilikuwa uzembe wao. Nilianza kwenda kila asubuhi barabara ya mashambani, kati ya ngano changa, kilomita mbili na nusu kwenda na mbili na nusu kurudi. Hakuna mtu. Kuna waya za uzio, kuna kunguru, na kila baada ya nusu saa gari la mzigo ambalo dereva wake hunyanyua kidole kimoja kwenye usukani. Kile kidole nilikingojea, nisifiche. Siku nyingine ndiyo salamu pekee niliyoipata mpaka kulala.

Nilijaribu kwenda mbio za kweli. Nilirefusha hatua, nikarusha mikono kama wale wa kwenye televisheni. Siku ya nne msuli wa nyuma ya mguu ukavutika kama kamba ya gitaa, nikakaa kwenye ukingo wa barabara nikiusugua. Nilikaa pale muda mrefu. Nikawa nasikiliza ngano. Ngano changa ina sauti yake upepo ukipita, kama watu wengi wanaovuliana makoti. Miaka thelathini na minane nimeifagia, nimeipima, nimeipakia, sikuwahi kuisikia, kwa sababu ghalani ngano imeshakufa. Nikafikiri, Glenys alikuwa anasikia vitu vya namna hii Jumamosi zote zile, na alikuwa akiniambia, nami redio iko juu.

Nikarudi nyumbani kwa mwendo wangu wa konokono. Mguu haukuuma kwa ule mwendo. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo miguu ilikuwa inajua siku zote: kwamba ule sio mwendo wa mtu aliyeshindwa mwendo mwingine. Ndio mwendo wangu. Naweza kwenda nao mpaka mwisho wa gati na kurudi, kesho na kesho kutwa, na mtu wa dakika ishirini na tano akiambiwa aende nao atachoka roho kabla ya miguu. Nilifurahi, nakiri, peke yangu barabarani. Halafu nikakumbuka kwamba halmashauri wameupiga marufuku.

Wiki ya pili nilikwenda hivyo hivyo, pole pole, kila siku, bila kuruka siku. Nikapungua mpaka hamsini na nne. Hapo nikakwama.

Jumamosi ya tarehe sita Julai tulikuwa wakimbiaji kumi na tisa. Zamani tulifika arobaini. Baridi ilikuwa ile ya kuumiza meno. Marivic alikuwa amevaa kizibao tena, alikiomba mwenyewe, Bronwyn hakutaka kumpa akakivuta mkononi mwake. Beryl alikuwepo, lakini amekaa kwenye benchi na blanketi magotini, fimbo zimelala chini. Nilimwamkia. Akatazama bahari.

Tukaanza. Kufika gatini wote walikuwa wameshanipita, na kufika nguzo ya kumi walikuwa wanarudi, wananipisha kwa upande, macho chini. Kisha gati likawa langu. Langu na mbao zinazolia, na nyuma yangu, hatua kumi hivi, viatu vya Marivic. Niligusa kizuizi kule mwisho, nikageuka, na yeye akagusa baada yangu, akahakikisha nimeona.

Nilijua kabla hatujatoka gatini. Kila mkimbiaji ana saa tumboni. Nikakaza, mguu ukanionya, nikaulegeza. Tulipofika kwenye geti la kambi ya watalii, pale ambapo njia ya pwani inakatwa na barabara ya magari, nilimwona Bronwyn amesimama katikati ya njia na ubao wake wenye karatasi. Saa yake ilikuwa inalia.

"Kelv," akasema. "Hamsini."

"Zimebaki mita mia nne."

"Najua. Samahani. Toka hapa, upite barabarani. Nikuandike umeacha."

"Sijaacha."

"Kelv, nakuomba. Wakijua, wote tunakosa. Sio mimi niliyeweka."

"Hakuna aliyeweka," nikasema. "Kila ninayemuuliza, sio yeye."

Lakini nilitoka njiani. Nataka lijulikane hilo. Niliwafikiria watu kumi na wanane waliokuwa wanakunywa chai yao kule kwenye misonobari, ambao hawakunifanyia lolote, na Glenys ambaye angeniambia Kelv, usiwe punda. Nikaingia kwenye majani ya kando, nikasimama, jasho likaanza kuganda mgongoni.

Marivic naye akatoka njiani, akasimama kando yangu.

"Wewe nenda, mwanangu," nikamwambia. "Ukafunge."

"Siendi."

"Marivic," Bronwyn akasema, "kizibao kinatakiwa mstarini. Twende."

"Kizibao ni cha nyuma ya mtu wa mwisho," Marivic alisema. Meno yalikuwa yanamgongana. "Mtu wa mwisho ni huyu. Akisimama, nasimama. Mlinifundisha wenyewe."

"Yeye ameshatoka kwenye mbio!"

"Nani kamtoa? Hajavuka. Mimi siku ile nilimpita, Bronwyn, nikafunga mbio akiwa kule peke yake. Mkanipa chai, mkaniambia umefanya vizuri. Simpiti tena. Hata tukilala hapa."

Bronwyn alinitazama kana kwamba nimempanga yule binti. Sikumpanga. Sikujua hata kama alikuwa na sauti kubwa kiasi hicho. Tulisimama watu watatu kando ya geti la kambi ya watalii, mmoja na ubao, mmoja na kizibao, mmoja na mguu mbovu, na dakika zinakwenda. Nilikuwa nimeota mara nyingi siku ambayo mmoja wa wakubwa atabanwa kwenye kona mbele yangu. Sasa ilikuwa imefika, na mkubwa mwenyewe alikuwa mtoto wa jirani, pua inamvuja kwa baridi, vidole vyeupe kwenye ubao wa karatasi.

"Nisipokwenda, huyu haendi," nikamwambia. "Nikienda, unavuka muda. Nikikaa, kizibao hakivuki, mbio hazifungwi, unavuka muda vilevile."

"Najua, Kelv! Naweza kuhesabu!"

"Basi mimi naenda. Ni baridi."

Nikarudi njiani, nikaanza. Marivic nyuma yangu, hatua kumi. Bronwyn akatembea kando yangu, yeye anatembea na mimi nakimbia, bega kwa bega, mwendo mmoja. Alipoligundua hilo akavuta pumzi kama mtu anayetaka kucheka, akajizuia. Nilisikia mawimbi madogo, yale ya ghuba yasiyo na nguvu, yakijaribu ufuko na kuacha, kujaribu na kuacha. Sikuwa na jina la nguzo yoyote kichwani. Nilikuwa nakimbia tu, unene wa gazeti juu ya ardhi.

Kwenye misonobari walikuwa wamekunja meza lakini utepe ulikuwa bado. Hawakuthubutu. Kizibao hakijafika. Walisimama na mikono mifukoni, baadhi wamekasirika, na hawakupiga makofi. Beryl ndiye aliyesema, kutoka kwenye blanketi lake:

"Haya basi, fika, tunaganda hapa."

Nikavuka. Dakika hamsini na nane, kama siku zote. Marivic akavuka. Utepe ukashushwa.

Bronwyn alikwenda kwenye benchi, akaketi kando ya Beryl, akaweka ubao magotini. Niliiona ile fomu. Ina mstari mmoja tu wa kujaza saa ambayo mtu wa mwisho ametoka njiani, na chini yake mahali pa saini. Akiandika ukweli, Jumamosi ijayo hakuna mbio, wala kwa mwepesi wala kwa mzito. Akiandika uongo, jina ni lake, na kazi yake ya ualimu ni ya hao hao. Alifungua kalamu. Aliipulizia wino ushuke. Akainua uso akatutazama mmoja mmoja, Beryl, Marivic, wale wenye mikono mifukoni, akaishia kwangu, mimi ambaye mwaka mzima nilikuwa na la kusema juu ya kila fomu iliyowahi kujazwa katika nchi hii.

"Haya, Kelv," akasema. "Niandike nini?"